Mimea Inayokula Wadudu na Majira ya Baridi Kali: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa wanaofuga mimea hii mahali ambapo theluji huanguka: Ohio, Minnesota, Maine, Ontario, Uskoti, Uswidi na kwingineko. Kila ifikapo Oktoba maswali huwa yaleyale, na mengi hutoka kwa watu waliokulia kwenye nchi ambazo mmea ukikauka majani basi umekufa.

Kwanza majina, ili tuelewane. Dionea ni ule wenye midomo miwili inayofumba ghafla mdudu akiigusa. Sarasenia majani yake yamejikunja yakawa mirija. Mdudu huteleza ndani asitoke. Drosera ina nywele zenye matone ya gundi. Pinguikula ina majani yaliyolala chini, yenye unyevu unaonata. Utrikularia huishi majini au kwenye tope na vifuko vidogo vya kunasia wadudu wa majini. Nepenthesi ndiyo ile inayoning'iniza vikombe.

Nikiuacha nje kwenye theluji, hautakufa?

Inategemea umetoka wapi. Sarracenia purpurea ya kaskazini huota porini Newfoundland na Labrador (ni ua rasmi la jimbo hilo tangu 1954), kisha ikaendelea kupitia maeneo ya Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini hadi kaskazini mashariki mwa British Columbia. Hiyo imezaliwa kwenye barafu. Ukiionea huruma, huruma yako ndiyo itakayoiua. Drosera rotundifolia na Drosera anglica nazo hukutwa Skandinavia, Siberia na Alaska.

Dionea ni mtu wa pwani. Kwao ni Carolina Kaskazini na Carolina Kusini, sehemu ya ardhi inayozunguka mji wa Wilmington, na si kwingineko kokote duniani. Huko maji huganda usiku mara kwa mara wakati wa baridi, lakini ardhi haigandi kwa wiki nyingi mfululizo. Kwa hiyo dionea huvumilia baridi, tena huihitaji, ila Minnesota si Wilmington.

Kati ya hao wawili kuna sarasenia ndefu za kusini mashariki mwa Marekani: flava, leucophylla, alata, rubra na oreophila. Ukiangalia ramani ya kwao utadhani ni mimea dhaifu. Sivyo. Zikifunikwa vizuri hustahimili baridi kali kuliko ile ya makwao. Zinazonitia wasiwasi ni psittacina na minor, ambazo ni za Georgia, Florida na majirani zake. Hizo nisingeziacha bila ulinzi mahali panapofika nyuzi 15 chini ya sifuri (nyuzi zote hapa ni za Selsiasi).

Kwa nini nisiuingize tu ndani, kwenye joto?

Kwa sababu mimea hii inahitaji kulala. Siku zinapofupika na usiku kuanza kupoa chini ya nyuzi 10, dionea, sarasenia na drosera za kaskazini hupokea taarifa mbili kwa pamoja: mwanga unapungua, na wadudu hawapo. Mmea huacha kuotesha mitego, hurudisha chakula kwenye shina nene lililo chini ya udongo (kwenye sarasenia shina hilo lina umbo la tangawizi), kisha hutulia miezi mitatu hadi minne.

Sebuleni mambo huvurugika. Kipasha joto kinaunguruma, hewa ni kavu, joto ni nyuzi 21, na dirishani mwanga wa Desemba hautoshi hata kusomea gazeti. Mmea unaambiwa na joto ukue, lakini mwanga wa kukulia haupo. Basi huotesha majani marefu, membamba, yaliyopauka, na kila jani linakula akiba bila kurudisha kitu. Mwaka wa kwanza unaweza usione tatizo. Wa pili mmea unadhoofika, na mara nyingi hauuoni wa tatu. Mwenye mmea hubaki akisema dionea ni mmea wa kununua na kutupa, na duka kubwa lililomuuzia halina haraka ya kumkosoa.

Nitajuaje kwamba umelala na si kwamba umekufa?

Dionea huotesha majani mafupi yaliyobana chini, mitego yake hufunga polepole au haifungi kabisa, na majani makubwa ya kiangazi hugeuka meusi. Sarasenia ndefu hukauka kuanzia mdomoni kushuka chini; flava na oreophila huongeza majani bapa, kama upanga, yasiyo na mrija, ambayo kazi yake ni kukusanya mwanga tu. Purpurea hubaki na mirija yake, ikigeuka nyekundu iliyokolea. Yote hayo ni afya.

Kifo kina dalili zake. Fukua kidogo uguse shina: likiwa gumu na ndani yake jeupe au rangi ya malai, mmea uko hai. Likiwa la kahawia, laini, linabonyea na kunuka, limekwisha.

Hizi "zoni" zinazotajwa kila mahali ni nini?

Ni mgawanyo wa Wizara ya Kilimo ya Marekani unaotazama wastani wa baridi kali kuliko zote ya kila mwaka mahali fulani. Ramani yake ilifanyiwa marekebisho mwaka 2023, na sehemu nyingi zimesogea nusu zoni kuelekea joto. Zoni 8 hushuka hadi karibu nyuzi -12, zoni 7 hadi -18, zoni 6 hadi -23, zoni 5 hadi -29 na zoni 4 hadi karibu -34. Columbus, Ohio, iko zoni 6. Watu wa Ulaya hutumia mizani hiyohiyo, na kwa mizani hiyo sehemu kubwa ya Uingereza ina baridi nyepesi kuliko watu wanavyoilalamikia.

Kwa haraka: zoni 8, dionea na sarasenia nyingi hukaa nje bila kufunikwa. Zoni 7, funika vyungu. Vilivyopandwa ardhini havihitaji mengi. Zoni 6, funika vyote isipokuwa purpurea na drosera za kaskazini. Zoni 5, sarasenia zikifunikwa sana zinapita, dionea ni kamari. Zoni 4 na chini yake, acha nje purpurea na drosera za kaskazini, zilizobaki zitafutie gereji.

Usiamini zoni peke yake. Haikuambii baridi hiyo inakaa siku ngapi, wala kama kuna theluji juu ya ardhi. Sentimita 30 za theluji laini ni blanketi zuri kuliko chochote utakachonunua. Chini yake udongo hukaa karibu na sifuri hata hewa ikiwa -20. Mkulima wa zoni 4 mwenye theluji ya Desemba hadi Machi mara nyingine hulala usingizi mzuri kuliko wa zoni 6 ambaye kwake baridi huja kavu.

Basi kama si baridi, nini hasa kinaua?

Hapa ndipo ningependa msomaji akae kidogo, maana ukilielewa hili mengine yote utayabuni mwenyewe.

Muuaji wa kwanza ni kiu. Udongo ukiganda, maji yaliyomo hayanyonyeki. Mizizi imefungwa kwenye barafu, huku juu upepo wa Januari na jua la mchana vinaendelea kuvuta unyevu kutoka kwenye majani na shina. Mmea unakauka ukiwa umezungukwa na maji. Ndiyo maana dionea iliyoachwa wazi juu ya ukuta wa baraza inaweza kufa kwa nyuzi -8, na mwenzake aliyefunikwa sindano za msonobari akapita -18 salama. Kinga ya kwanza, basi, ni kuzuia upepo.

Wa pili ni kuganda na kuyeyuka, kuganda na kuyeyuka. Udongo wenye maji hutanuka ukiganda. Ukifanya hivyo kila usiku na kulainika kila mchana, husukuma mimea midogo juu hadi mizizi inatoka nje. Ukuta wa nyumba unaotazama kusini, unaopigwa na jua kuanzia asubuhi, ni mahali pabaya kwa sababu hii, ingawa moyo unakutuma hukohuko. Weka upande wa kaskazini au mashariki, penye kivuli, mmea ugande mara moja na ukae hivyo.

Wa tatu ni ukungu. Ukifunika mapema mno, au kwa kitu kisichopitisha hewa, chini yake panakuwa na joto kidogo, giza na unyevu, na ule ukungu wa kijivu wenye manyoya hula majani yaliyokufa kisha ukaingia shinani. Wakulima wengi hunyunyiza unga kidogo wa salfa kabla ya kufunika. Kuondoa majani yaliyooza kunasaidia zaidi ya salfa.

Baridi yenyewe inakuja ya nne. Inaua pia, lakini hushuka udongoni polepole, na unapewa nafasi ya kujipanga.

Chungu na bustani, vipi vina tofauti?

Tofauti kubwa. Chungu hupigwa na baridi pande zote. Ardhi hupigwa upande wa juu tu na chini inapata joto la dunia. Mmea ulio kwenye chungu kidogo uhesabu kama uko zoni moja au mbili baridi zaidi ya ulipo.

Kama una uwanja, chimba kinamasi. Shimo la kina cha sentimita 40 hadi 60, utandike ndani nailoni nene ya bwawa, utoboe matundu machache pembeni sentimita kadhaa chini ya usawa wa juu ili mvua kubwa isifurishe. Jaza mchanganyiko wa piti, ule udongo wa kahawia wa kwenye vinamasi vya kaskazini wenye asidi na usio na rutuba, pamoja na mchanga wa silika au perlaiti (zile punje nyeupe nyepesi za bustanini), nusu kwa nusu. Usiweke samadi, mboji ya jikoni wala mchanga wa pwani. Usinunue piti iliyochanganywa mbolea, na mifuko mingi dukani imechanganywa. Soma nyuma ya mfuko kabla hujalipa. Mimea hii ilianza kula wadudu kwa sababu udongo wa kwao hauna chakula, na ukiilisha mizizini unaiunguza.

Kama una vyungu tu, vichimbie ardhini hadi ukingoni mwezi Novemba. Ukishindwa hilo, visogeze pamoja vigusane, vikubwa nje vidogo katikati, kisha vizungushie majani makavu au marobota ya nyasi. Tumia vyungu vya plastiki. Vya udongo wa kuchoma hupasuka maji yakiganda ndani ya kuta zake.

Matandazo gani yanafaa?

Sindano za msonobari, bila ushindani. Hazishikamani, hewa inapita, maji yanapita, zina asidi kidogo. Sentimita 10 hadi 15 zatosha zoni 6. Zoni 5 nenda 20 hadi 30. Majani ya mwaloni yanafuata. Ya mepoli yaepuke, hulala juu ya mengine yakawa kama karatasi iliyolowa, na chini yake ukungu unasherehekea. Nyasi kavu zinafaa ila huja na mbegu za magugu utakazong'oa hadi Julai.

Juu ya matandazo tandika gunia au kitambaa cha bustani kinachopumua, ukizuie kwa matofali. Mwanzoni mwa Januari majirani hutupa miti yao ya Krismasi kando ya barabara. Kata matawi, yapange juu ya kinamasi, ni bure. Angalia tu isiwe ile iliyopuliziwa theluji bandia.

Nifunike lini, nifunue lini?

Usifunike kwa kuogopa baridi ya kwanza. Mmea unahitaji kuonja usiku wa barafu kadhaa ndipo ulale sawasawa. Subiri hadi udongo wa juu uanze kuganda. Ohio hiyo huwa kati ya mwisho wa Novemba na katikati ya Desemba, Minnesota mapema zaidi.

Kufunua ni kazi ya subira. Machi italeta siku tatu za nyuzi 15 na utadhani mambo yamekwisha. Ondoa nusu ya matandazo, iliyobaki iache. Usiku ukiacha kushuka chini ya nyuzi -4 au -5, ondoa yote, lakini yaweke karibu kwenye ndoo. Vichomozi vya maua ya sarasenia hutoka kabla ya mitego, navyo haviwezi baridi kali ya Aprili. Usiku mmoja ukitangazwa mbaya, rudisha.

Naweza kufunika kwa nailoni?

Hapana. Jua la Februari likipita kwenye nailoni, ndani panapanda hadi nyuzi 25 saa sita mchana, mmea unaamka, na usiku unarudi kwenye -12. Afadhali uuache wazi.

Nimwagilie wakati wa baridi? Kwa maji gani?

Udongo uwe na unyevu, usielee. Kiangazi unaweza kuacha chungu kwenye sahani ya maji. Majira haya ondoa sahani, kagua kila baada ya wiki mbili tatu, mwagilia siku ambayo hakujaganda. Vyungu vilivyo chini ya upenu vikisahaulika ndivyo hukauka kabisa, kwa sababu mvua wala theluji haivifikii.

Maji ni ya mvua, ya theluji iliyoyeyuka, yaliyochujwa kwa osmosisi, au yaliyokenekwa, yaani yale ambayo nyumbani mafundi wa magari huyaita maji ya betri (maji tu, si ile asidi!). Ya bomba katika miji mingi yana chokaa na chumvi nyingi. Ukinunua kile kijipimo cha chumvi zilizoyeyuka, tafuta chini ya sehemu 50 kwa milioni. Zikivuka 100 usitumie.

Na theluji uliyoifagia barabarani au kwenye njia ya gari usiimwage juu ya mimea. Imejaa chumvi ya barabarani. Hii ndiyo njia ya haraka kuliko zote ya kuua kinamasi kizima, na utakuja kuligundua Mei.

Naishi ghorofani, nina kibaraza tu.

Chukua boksi kubwa la foamu, aina wanayosafirishia samaki. Panga vyungu ndani, jaza sindano za msonobari au vipande vya foamu katikati, funika juu kwa gunia, toboa chini maji yatoke. Liweke limegusa ukuta wa nyumba, mbali na upepo. Zoni 7 linatosha peke yake. Zoni 6, liingize ndani kwenye ngazi au stoo isiyo na joto zile wiki mbili tatu mbaya zaidi.

Mwenye gereji isiyo na kipasha joto ana bahati. Kinachotakiwa ni kati ya nyuzi 0 na 7 muda mwingi. Ikigusa -3 usiku mmoja si msiba. Nunua kipimajoto kinachokumbuka baridi na joto la juu kabisa, maana ukuta unaopakana na nyumba na ule wa mlangoni ni nchi mbili tofauti. Chini ya nyuzi 5 mmea uliolala hauhitaji mwanga wa maana. Juu ya 10 unauhitaji, na hapo gereji haina tena faida.

Kuna mtu kaniambia niuweke kwenye friji. Ananitania?

Hakutanii. Ng'oa mmea mwishoni mwa Novemba, suuza mizizi, kata majani yaliyokufa, uupulizie dawa ya ukungu, uviringe kwenye kuvumwani aina ya sfagnamu iliyokamuliwa ikabaki na unyevu tu, uutie kwenye mfuko wa nailoni, kisha rafu ya chini ya friji, nyuzi 3 hadi 5. Usiweke kwenye friza. Kagua kila wiki mbili. Uandike mfuko jina kwa kalamu nene, vinginevyo mwenzako jikoni atakuuliza hii mboga gani imeharibika. Njia hii inafaa dionea na sarasenia ndogo. Ni ya dharura zaidi kuliko ya kupendeza.

Nimenunua dionea Desemba, iko kwenye kikopo cha plastiki chenye kifuniko. Niitoe nje?

Usiitoe sasa. Imetoka kwenye banda la joto na haijui kama kuna baridi. Kuipeleka moja kwa moja kwenye -10 ni kuiua. Ondoa kifuniko, itafutie dirisha lenye mwanga na ubaridi, la stoo ya chini au chumba kisichotumika, kati ya nyuzi 2 na 10. Ipate walau wiki nane hapo. Baridi ya usiku ikiisha, itoe nje taratibu, siku za mwanzo kivulini. Novemba inayofuata itakuwa mwenyeji.

Usiilishe majira haya. Chini ya nyuzi 10 mtego hausagi chakula, nzi anaoza ndani na kuondoka na jani. Na nyama ya jikoni usiipe wakati wowote wa mwaka.

Nikate majani yaliyokauka vuli au kuchipua kukikaribia?

Subiri Februari au Machi. Mirija mikavu huvunja upepo na kushika theluji juu ya shina. Leucophylla hasa, ambayo hutoa mirija yake mizuri kuliko yote mwisho wa msimu, ni dhambi kuikata Septemba. Purpurea usiiguse, majani yake ya mwaka jana yanafanya kazi tena. Kubadilisha udongo na kugawa mashina kufanywe wakati huohuo, kabla ya kuchipua.

Drosera yangu imetoweka kabisa!

Haijaenda popote. Drosera za kaskazini, pamoja na filiformis ya pwani ya mashariki ya Marekani, hufumba mwili wote ukawa kichipukizi kimoja kigumu, kidogo, kimelala usawa wa udongo. Pinguicula vulgaris na grandiflora hufanya vivyo hivyo, tena kichipukizi chake hakina mizizi, kwa hiyo mvua hukisomba na ndege hukidonoa. Tandika wavu mwembamba juu yake. Kuzunguka kichipukizi cha pinguikula kuna vidogo kama punje za mtama. Kila kimoja ni mmea mpya, usivitupe.

Utrikularia ya bwawani hutoa mpira wa kijani unaozama. Bwawa likiwa na kina cha kutosha lisigande hadi chini, liache. Likiwa beseni tu, chukua hiyo mipira, itie kwenye chupa ya maji ya mvua, iweke kwenye friji.

Maji ndani ya mirija ya purpurea yaganda. Niyamwage?

Acha. Kwanza, mrija umezoea. Pili, ukimwaga huenda unamwaga watu.

Kuna mbu aitwaye Wyeomyia smithii ambaye viluwiluwi vyake huishi ndani ya maji ya mrija wa purpurea na si mahali pengine. Hawali mmea; wanakula vijidudu vinavyoozesha mizoga iliyomo. Majira ya baridi hukaa ndani ya donge la barafu, wamelala, hadi maji yayeyuke. Sisi tuliokulia chini ya chandarua tunasikia neno mbu tukitafuta dawa ya kupulizia, lakini huyu wa kaskazini hanyonyi damu kabisa. Mwaka 2001 William Bradshaw na Christina Holzapfel wa Chuo Kikuu cha Oregon walichapisha utafiti maarufu juu yake: mbu hawa huamua lini walale kwa kupima urefu wa siku, na katika miongo michache kipimo hicho kilikuwa kimebadilika kwenye vinasaba vyao, wakawa wanalala baadaye, sambamba na kuongezeka kwa joto la dunia. Mdudu wa urefu wa punje ya mchele, amefungwa kwenye barafu ndani ya jani, ndiye aliyetoa moja ya ushahidi wa mapema wa aina hiyo.

Kwenye bustani yako iliyo mbali na vinamasi vya porini huenda hayumo. Hata hivyo, acha maji.

Na nepenthesi je?

Ndani, mara usiku ukianza kushuka chini ya nyuzi 12. Ni mmea wa tropiki; wa karibu zaidi na pwani yetu wako Madagaska na Shelisheli. Drosera capensis ya Afrika Kusini nayo iingie ndani, ingawa barafu ikiifyeka juu, mara nyingi huchipua tena kutoka mizizini. Darlingtonia, jamaa ya sarasenia kutoka Oregon na California Kaskazini, ni kinyume chake: baridi haiisumbui, joto la mizizi la Julai ndilo huimaliza.

Miche midogo ya mbegu pia ilale?

Miche ya sarasenia na dionea inaweza kurukishwa msimu wa kwanza wa baridi, hata wa pili, ikae ndani chini ya taa kali na kuendelea kukua. Hukomaa haraka zaidi. Baada ya hapo iingie kwenye ratiba ya wakubwa. Mbegu za sarasenia na za drosera za kaskazini zinahitaji baridi yenye unyevu kwa wiki nne hadi sita ndipo ziote. Za dionea hazihitaji.

Panya wamechimba kwenye matandazo.

Wamepata nyumba ya bure. Tandika wavu wa waya wenye matundu madogo juu ya udongo kabla ya matandazo, na usiache mrundo wa majani makavu kando ya kinamasi.

Ni Mei na hakuna kilichochipua. Nitupe?

Bado. Dionea ni mvivu, hasa iliyofunikwa sana. Kaskazini inaweza kungoja hadi mwishoni mwa Mei. Bonyeza shina. Likiwa gumu, lipe jua kamili na unyevu. Mwezi Juni ukiisha bila dalili, hapo haina mjadala. Sarasenia iliyooza sehemu moja inaweza kuokolewa: kata hadi ufikie nyama nyeupe, panda kipande kilichobaki kwenye sfagnamu.

Naweza kupanda ziada kwenye kinamasi cha porini karibu na kwangu?

Tafadhali usifanye. Purpurea ilipelekwa kwenye vinamasi vya Ireland mwanzoni mwa karne ya 20 na imesambaa mpaka ikawa kero kwa mimea ya asili. Uingereza na Uswisi wana kisa kama hicho. Na usichimbe kutoka porini pia. Carolina Kaskazini, tangu Desemba 2014, kuiba dionea porini ni kosa kubwa la jinai linaloweza kukufunga. Nunua iliyooteshwa kwenye kitalu.

Nikirudi nyumbani likizo naweza kumpelekea mama dionea moja?

Dionea imo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini, na kila nchi ina sheria zake za kukagua mimea mpakani, kwa hiyo bila vibali itaishia mikononi mwa mkaguzi wa uwanja wa ndege. Hata ikifika, itakosa kitu. Nairobi siku ina saa 12, Januari na Julai, tofauti ni dakika chache. Wilmington siku fupi kabisa ya Desemba ina kama saa 10. Limuru au Njombe kuna ubaridi wa kutosha usiku, lakini mmea hauambiwi na mwanga kwamba ni wakati wa kulala, basi itabidi mama aupeleke kwenye friji kila mwaka, na sidhani kama atakubali upate nafasi ya nyanya zake. Mwambie atafute drosera isiyohitaji kulala. Drosera madagascariensis huota porini Tanzania kwenyewe, kwenye maeneo yenye maji ya Afrika ya tropiki, na haijawahi kuona theluji.